Geji Kumi na Nne

Kikohozi kilimtangulia mwenyewe. Kibiriti alikuwa ameinama mezani, anakwangua gundi kwenye bati za transfoma ya mteja, akakisikia kutoka mlangoni: kikohozi cha mtu aliyezoea kwamba akikohoa, wenzake wananyoosha migongo. Mkono wake ukasimama. Miaka kumi na moja hakuwa amekisikia, na wallahi angekitambua hata akiwa usingizini.

"Hodi kwa fundi!"

"Karibu," akasema, lakini hakugeuka upesi. Alitaka kwanza uso wake utulie.

Alipogeuka, ndiye. Mkuu. Karakana nzima ya kiwanda ilikuwa ikimwita hivyo enzi zile, Mkuu, kana kwamba mama yake hakumpa jina jingine. Alikuwa amepungua, shati linampwaya mabegani, ila kalamu mbili zilisimama mfukoni vilevile, moja nyekundu na moja ya buluu. Nyuma yake mtu wa mkokoteni alikuwa anatweta, ameshusha kizingitini transfoma iliyoungua mpaka ikawa nyeusi tii. Harufu ya vanishi iliyoteketea ikajaa chumba kizima.

"Binti yangu!" Mkuu akapanua mikono. "Umenawiri! Naona kazi imekukubali."

Binti yangu! Mtu hana haya hata za kuazima. Huyu huyu ndiye aliyembandika jina la Kibiriti mbele ya wafanyakazi mia mbili, siku anatolewa getini na mfuko wake wa nguo: "Kibiriti huyo anaondoka, sasa tulale salama." Watu wakacheka, jina likaganda. Likamfuata mtaani, likamfuata sokoni, wanawe wakaitwa Njiti shuleni. Mwishowe akaona isiwe tabu, akaliandika mwenyewe kwenye kibao cha karakana yake kwa rangi nyekundu: KWA KIBIRITI, TUNASUKA TRANSFOMA NA MOTA. Anayetaka kucheka acheke akiwa amesimama hapo hapo nje, amalize, kisha alete kazi.

"Una shida gani, mzee?" akauliza.

Mzee akaeleza. Amestaafu. Kiinua mgongo chote amekitumbukiza kwenye mashine ya kutotolea vifaranga, mtumba kutoka ng'ambo, inayotumia volti mia na kumi. Umeme wa nyumbani ni mia mbili na arobaini. Kwa hiyo katikati lazima ikae transfoma ya kushusha, na hiyo ndiyo iliyokata roho jana mchana, mayai elfu moja na mia mbili yakiwa ndani, siku yao ya nane.

"Mke wangu amewasha majiko manne ya mkaa mle chumbani," akasema. "Amefunika mashine kwa mablanketi, anapima joto kila saa kama mwenye mgonjwa. Tukivuka Jumamosi bila transfoma, basi tena, tumekwisha. Nimezunguka mji mzima. Kila fundi ananiambia waya huo hana, mwenye nao ni wewe."

"Waya gani?"

Mkuu akababaika. "Si… geji kumi na nne."

Lo! Alikuwa anajua. Hata jina la waya alikuwa analijua vizuri tu.

"Na hii iliyoungua alisuka nani?"

"Aa, fundi mmoja hivi. Amehama."

Kibiriti akachukua koleo, akakata kipande cha waya kwenye ile koili nyeusi. Akakipitisha kwenye moto wa gesi mpaka mabaki ya vanishi yakawa majivu, akakipangusa kwa kitambaa, ndipo akakibana kwenye maikromita. Yeye hapimi waya ukiwa bado na koti lake; wanaopima hivyo ndio wanaojidanganya wana waya mnene. Milimita moja, nukta sita tatu. Geji kumi na sita. Akainua macho akaitazama mikono ya Mkuu. Vidole vilikuwa na mikato midogo midogo, na pembeni ya kucha vanishi ilikuwa imegandia, rangi ya asali. Fundi aliyehama, kumbe! Mzee kajisukia mwenyewe, tena kwa geji ile ile.

Kwa asiyeijua kazi hii, geji zinakwenda kinyumenyume. Namba ikipanda, waya unakonda. Kumi na nne ni nene, kumi na sita ni nyembamba, na ukizitazama kwa macho tu kwenye mwanga hafifu utasema ni mapacha. Lakini umeme haudanganywi. Mashine ya Mkuu inavuta ampea tisa na kitu, mchana na usiku, haipumziki hata dakika, tena imekaa ndani ya chumba chenye joto. Kwa mashine isiyolala hivyo, kila milimita ya mraba ya shaba unaibebesha ampea tatu, usizidishe. Piga hesabu unavyotaka, utaangukia kumi na nne. Ukitia kumi na sita itanguruma vizuri tu, utaipigapiga mgongo kwa furaha, na wiki moja au mbili baadaye vanishi iliyopikika inapasuka, mizunguko inagusana, moshi huo.

Kibiriti aliyajua hayo kwa mtu kumfundisha, halafu akayajua tena kwa namna nyingine. Miaka kumi na moja nyuma alikuwa msukaji kiwandani, mwanamke peke yake katika karakana ile, na sifa yake ilikuwa imeshaanza kuvuka ukuta. Ikaja transfoma ya tanuri la kukaushia rangi. Akapiga hesabu, ikatoka kumi na nne. Akaenda stoo, akaambiwa kumi na nne imekwisha. Mkuu akaja, akasimama nyuma ya kiti chake, akakohoa.

"Weka kumi na sita."

"Mkuu, itaungua."

"Nani mkuu hapa, mimi au wewe? Weka kumi na sita. Na kwenye kadi ya kazi andika kumi na nne, vitabu vya stoo visije vikagongana. Mwezi ujao waya ukija tutaisuka upya."

Akaweka. Akaandika. Hilo ndilo lililokuwa likimla usiku na mchana: kwamba mkono ulioandika uongo ule kwenye kadi ulikuwa wake. Mwezi ujao haukufika. Transfoma iliwaka moto saa nane mchana, moto ukaramba ukuta, ukaingia stoo ya jirani yake, na mtunza stoo, aliyeingia kuokoa mali ya kiwanda, akatolewa humo mikono yake miwili ikiwa imeiva.

Mtunza stoo huyo alikuwa kaka yake. Kaka yake wa tumbo moja, aliyemlea baada ya wazazi kufariki, aliyembeba mgongoni kuvuka mto wakienda shule, aliyemwombea ile kazi.

Uchunguzi ulichukua siku mbili. Kadi inasema kumi na nne, koili iliyoungua inapimwa kumi na sita: basi msukaji kauza waya mnene akafunga mwembamba. Mkuu akaapa hajui lolote. Kibiriti alipokwenda hospitali kumweleza kaka yake, kaka aligeukia ukutani. Kibiriti alikwenda mara saba. Mara ya nane wifi yake akamzuia mlangoni: "Umemla mikono mume wangu, unataka na nini tena?" Tangu siku hiyo kaka hakumtamkia neno. Kiwanda kilimpa kazi ya bawabu, akakaa getini na mikono ile ambayo vidole vimeshikana kama ngumi iliyokataa kufunguka, na kila Kibiriti alipopita barabarani kaka alitazama pembeni. Sherehe wakikutana, mmoja anakaa kushoto, mwingine kulia. Misiba vivyo hivyo. Na yeye Kibiriti, kwa miaka yote hiyo, hakuwahi kuiona mikono ile bila kuikumbuka ile kadi.

Sasa mwenye kisa chote amesimama karakanani kwake, anamwita binti yangu.

"Iache," akasema. "Jumamosi, saa nne asubuhi. Uje wewe mwenyewe."

"Mungu akubariki, mama. Tutaelewana malipo…"

"Uje wewe mwenyewe," akarudia.

Mkuu alipoondoka, Kibiriti alikaa chini, akacheka peke yake mpaka fundi redio wa mlango wa pili akachungulia kuuliza kuna nini. Hakuna kitu, akamwambia, kazi tu imekuja.

Mchana ule wa Jumatano akaweka mezani roli mbili za waya, kumi na nne kulia, kumi na sita kushoto. Akazitazama muda mrefu. Tusidanganyane, alitaka. Alitaka mpaka meno yakamuuma. Aliweza hata kupiga hesabu ya siku: akifunga kumi na sita kwa ustadi, akipaka vanishi safi, itavumilia wiki moja na siku mbili hivi. Vifaranga watakuwa ndio kwanza wanatoboa maganda, wanalia mle ndani, halafu chwi! giza na baridi. Mzee ataingia asubuhi na taa yake, akute elfu moja na mia mbili kimya. Aonje kidogo. Aonje na yeye kupoteza kitu alichokiatamia.

Akashika roli ya kushoto, akavuta waya kidogo. Kisha akauachia.

Si huruma, jamani, msije mkamsingizia. Huruma kwa yule mzee alikuwa hana hata ya kulambisha sisimizi. Ila alijiuliza: ikiungua, watu watasema nini? Watasema Kibiriti kaunguza tena. Mkuu atasimama katikati ya mtaa na maganda yake ya mayai, atasema si niliwaambia? Atakuwa ameshinda mara mbili. Hapana. Kitu alichokitaka Kibiriti hakikuwa mayai. Alitaka ule mdomo. Alitaka ule mdomo ufunguke mbele ya kaka yake, useme: mimi ndiye niliyemwambia aweke kumi na sita. Basi. Kaka asikie kwa masikio yake, amgeukie, aseme hata neno moja. Kwa neno hilo angemsukia Mkuu transfoma mia.

Akamtumia wifi yake ujumbe kwa mkono wa jirani: Jumamosi saa nne Mkuu atakuwa kwangu, mlete kaka, kuna jambo lazima alisikie. Akilisikia na bado hanitaki, sitawasumbua tena mpaka naingia kaburini.

Kisha akachukua roli ya kulia, akaanza kazi.

Geji kumi na nne ni waya mkaidi. Haupindi kona kwa kubembelezwa. Unaupinda kwa kidole gumba na nyundo ya mbao, pole pole, mzunguko ulale ubavuni mwa mwenzake bila kupanda juu. Tena nafasi katikati ya kiini, yaani zile bati, ni ile ile moja, na waya mnene unaijaza upesi. Ndiyo maana wavivu wanakimbilia mwembamba, unaingia bila kelele. Yeye alianza na upande wa kuingilia umeme, geji kumi na saba kwa kuwa huko ampea ni chache, akaweka karatasi ya kuhami tabaka kwa tabaka, akafuata upande wa kutokea. Alisuka Alhamisi yote na Ijumaa mpaka adhuhuri. Karatasi ya mwisho ilikataa kuingia, akaipunguza kwa wembe. Bati za kiini akazipanga moja moja, akakaza boliti, akaizamisha koili kwenye vanishi, akaikausha kwa taa kali. Alipoijaribu kwa hita kubwa kwa saa tatu mfululizo, akaweka kiganja juu yake: ilikuwa na joto la chai iliyosahauliwa mezani. Katika maisha yake yote hakuwahi kusuka kitu kizuri namna ile, na alikuwa anamsukia adui.

Jumamosi ilipofika saa tatu na nusu, aliwaita mafundi wa mtaa, fundi redio, fundi mota na fundi friji, akawaambia kuna kazi anataka waishuhudie. Wakaja na viti vyao. Mafundi wakiitiwa jambo la ajabu huwa hawachelewi.

Kisha wifi akaingia. Alikuwa amemshika mumewe mkono juu ya kiwiko, anamvuta kama mtu anayempeleka mtoto kwa daktari wa meno. Kaka alikuwa amevaa sare yake ya ubawabu, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, kazi ya wifi hiyo. Hakusalimia. Akakaa kwenye stuli karibu na mlango, macho chini.

"Nimemleta," wifi akasema kwa ukali. "Hakutaka. Nimemwambia leo twende, tusikie huo uongo mpya, tumalize."

"Asante, wifi."

Saa nne kamili, kikohozi. Mkuu akaingia na mtu wake wa mkokoteni, akawaona mafundi, akatabasamu kidogo, akamwona kaka mlangoni, tabasamu likanywea.

"Naona kuna kikao," akasema.

"Njoo uione kazi yako, mzee." Kibiriti akaunganisha hita, akawasha. Transfoma ikanguruma kwa upole. Akachukua kipima volti, akamwonyesha: mia na kumi. Fundi mota akainama akaitazama koili, akapiga mluzi. "Hapa umesuka, mama," akasema. "Waya umelala kama umechorwa."

Mkuu akaigusa. Uso wake ukafunguka wote, akawa ghafla mzee tu mwenye mayai nyumbani. "Mama, umeniokoa. Sijui nikwambie nini."

"Mimi najua," Kibiriti akasema. Akazima umeme, akachomoa waya. Akachukua patasi, akaiweka ncha yake katikati ya koili, na mkono wa kulia akainua nyundo. "Utawaambia hawa watu, miaka kumi na moja iliyopita, nani aliniambia nifunge kumi na sita kwenye transfoma ya tanuri."

Mtu wa mkokoteni akarudi nyuma hatua moja.

"Binti yangu, mambo ya zamani hayo…"

"Mimi si binti yako. Pigo moja tu, mzee. Waya mwingine wa kumi na nne mji huu hauna, umesema mwenyewe."

Mkuu akajaribu kucheka. Akawageukia mafundi: "Wanawake hawa, mnawaona?" Hakuna aliyecheka naye. Akapandisha hasira: ataita polisi, ataleta wakili, yeye ni mtu mzima, hatishwi na mtu. Kibiriti akainua nyundo juu zaidi. Hapo mzee akashuka mwenyewe taratibu, kama mpira uliotobolewa. Akamtaja mkewe. Mke wake hajalala siku nne, macho yamemvimba kwa moshi. Yeye amefanya nini, maskini?

"Na mimi nilifanya nini?" Kibiriti akauliza, na sauti ikampasuka. "Wanangu walifanya nini? Kaka yangu yule pale alifanya nini? Sema!"

Mkuu akaitazama ncha ya patasi.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini? Hawasikii."

"Ni mimi niliyemwambia aweke kumi na sita! Alikataa, nikamlazimisha. Na kadi nikamwambia aandike kumi na nne. Waya wa kumi na nne haukuwa umekwisha, niliuuza. Haya, umefurahi?"

Fundi redio akasema "Hee!" Wifi akaweka mkono mdomoni. Kibiriti akaiteremsha nyundo. Kifua chake, kilichokuwa kimebanwa miaka yote ile, kilijaa pumzi mara moja mpaka akaona kizunguzungu. Amesema! Amesema mbele ya watu! Akageuka kumtazama kaka yake.

Kaka hakuwa amemtazama Mkuu, wala yeye. Alikuwa bado anatazama sakafu.

"Kaka, umesikia?" akamwuliza. "Umemsikia?"

Na hapo Mkuu, aliyekuwa amevuliwa nguo mbele ya kadamnasi, akapata kitu cha kujifunika. Akacheka, safari hii kicheko cha kweli, kibaya.

"Asikie nini, na yeye anayajua kuliko wewe? Ngoja nimalizie, maana nimeshaanza. Mimi nilikuwa mkuu wa karakana. Funguo za stoo nilikuwa nazo mimi? Mwulize nani alikuwa nazo."

Mkuu akamnyooshea kaka kidole.

"Mwulize siku ya moto aliingia mle kuokoa nini. Mali ya kiwanda! Kulikuwa na roli tulizozificha nyuma ya mifuko, zitoke jioni ile. Mimi nilimwambia ziache ziungue. Yeye akaingia. Na hospitali nikamwambia, ukinyamaza nitakutafutia kazi getini, ukisema tunaingia jela wote. Akanyamaza. Sasa unanionyesha nyundo mimi peke yangu?"

"Baba watoto," wifi akasema polepole. "Anasema nini huyu mtu?"

Kaka akaitazama mikono yake. Na sauti yake ilipotoka, ile sauti ambayo Kibiriti aliiombea miaka kumi na moja, alisema:

"Zilikuwa roli mbili tu."

Wifi hakupiga kelele. Alisimama, akamtazama mumewe kama mtu anayesoma barua isiyo yake, kisha akamtazama Kibiriti. Akakaa tena.

Kibiriti akaisogeza transfoma mpaka ukingoni mwa meza. "Chukua," akamwambia Mkuu.

"Umeweka geji gani humu?" Mkuu akauliza kwa wasiwasi, kama mtu anayejua angekuwa yeye angefanya nini.

"Ungekuwa unaiogopa usingekuja. Chukua utoke."

Wakaibeba yeye na mtu wake. Mafundi nao wakaokota viti vyao mmoja mmoja, wakaaga kwa sauti ndogo. Fundi mota akamgusa bega akapita. Wifi akawa wa mwisho. Safari hii hakumshika mumewe mkono. Alimpita pale kwenye stuli kana kwamba ni mzigo wa mtu mwingine, akatoka, akaubamiza mlango nyuma yake, na komeo likaanguka mahali pake.

Wakabaki wawili.

"Mdogo wangu," kaka akasema.

Akaanza kuongea. Kumbe alikuwa na maneno mengi hivyo! Aliongea mambo ya deni, ya ujana, ya Mkuu alivyomrubuni. Alisema kila alipomwona barabarani alitamani ardhi ipasuke immeze. Alisema hakumgeuzia uso kwa chuki, ilikuwa ni haya. Alilia, na machozi akayafuta kwa mgongo wa mkono, maana kiganja hakikunjuki. Kibiriti alimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Alikuwa anafikiria mara zile saba hospitali, na usiku mwingi alioota mikono ile ikichunika ngozi, akaamka akajiambia ni wewe, ni wewe, ni wewe. Alikuwa ameimaliza huruma yake yote kwa mtu aliyekuwa anamtazama akiimaliza.

"Nisamehe, mdogo wangu. Sema neno."

Kibiriti akakunja kitambaa chake, akakiweka mezani.

"Mwenye transfoma kashachukua yake," akasema. "Wewe ulileta kazi gani?"

Kaka akangoja. Alipoona hakuna zaidi, akainuka, akaenda mlangoni. Lilikuwa komeo la kawaida, la kunyanyua kwa vidole viwili. Akajaribu kwa ngumi, likateleza. Akajaribu kwa kiwiko. Akajaribu kulisukuma kwa kifundo cha mkono, akijikunja, sare ikamchomoka kiunoni.

"Nifungulie, mdogo wangu," akasema bila kugeuka.

Kibiriti aliuona mgongo ule. Aliujua kila mfupa wake, alikuwa ameulalia akiwa mdogo, miguu ikining'inia juu ya maji. Moyo ukamwambia inuka. Akauambia moyo ukae hapo hapo. Alimchukia, na alifurahi kumchukia, na ile furaha ilimtia haya, lakini hakuiachia.

Kaka akainama. Akalishika komeo kwa meno, akalinyanyua, akausukuma mlango kwa paji la uso, akatoka. Kibiriti alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka pale, na hakuinuka.